Mizimu Isiyojua Kwamba Imekufa: Uchambuzi wa Kisa cha Final Fantasy: The Spirits Within

Aki Ross anaamka ndani ya chombo chake cha angani, na nywele zake zinaelea. Humo hakuna uzito, kwa hiyo nywele zimetanda kuzunguka uso wake kama mwani chini ya maji, kila unywele ukishika njia yake. Tukio lenyewe ni la sekunde chache tu. Mimi nimelirudia mara nyingi kuliko tukio lingine lolote la filamu hii, na kila nikilirudia nawafikiria watu waliokaa mbele ya kompyuta wakihangaika na nywele 60,000 za mwanamke asiyekuwepo duniani, mpaka zikaelea hivyo.

Filamu ni Final Fantasy: The Spirits Within, iliyoingia katika kumbi za sinema za Marekani Julai 2001. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza kuthubutu kuwaumba binadamu kwa kompyuta tupu huku ikitaka mtazamaji asahau kwamba si watu wa kweli. Hapakuwa na wanasesere humo, wala wanyama wanaozungumza, wala mazimwi ya kuchekesha. Walikuwa watu, wenye vinyweleo, mikunjo ya ngozi na madoa ya uzee. Ilipotoka, lawama ikawa karibu moja kila mahali: macho yameshiba, moyo umebaki na njaa.

Lawama hiyo ni ya haki, ila naona imeelekezwa pasipo pake. Wengi husema filamu hii haikuwa na hadithi. Ilikuwa nayo, tena nzito, ya kumfanya mtu akose usingizi. Waliificha, wakaizungushia mambo madogo madogo, kisha wakaitoa kwa maelezo ya mdomo wakati mtazamaji ameshachoka. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua hapa, na sitaficha yatakayotokea mwisho, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anataka kuitazama kwanza, aitazame.

Tuanze na aliyeiongoza. Hironobu Sakaguchi ni Mjapani aliyeanzisha mfululizo wa gemu za Final Fantasy mwaka 1987 katika kampuni ya Square. Hakutokea kwenye sinema. Alitokea kwenye gemu, na huko alikuwa ameshafika juu kabisa. Square ikafungua studio yake ya filamu, Square Pictures, huko Honolulu, Hawaii, na hapo watu takriban 200 wakafanya kazi kwa miaka 4 hivi. Gharama ikafika dola milioni 137. Kwa kuingiza sauti wakaitwa waigizaji wenye majina: Ming-Na Wen akawa Aki, Alec Baldwin akawa Kapteni Gray Edwards, Donald Sutherland akawa Daktari Sid, James Woods akawa Jenerali Hein. Muziki ukatungwa na Elliot Goldenthal. Hakuna mahali palipobaniwa fedha.

Kuna jambo moja ambalo nilipolijua, filamu nzima ilibadilika machoni pangu. Aki ni jina la mama yake Sakaguchi. Mama huyo alifariki kwa ajali miaka kadhaa kabla ya kazi hii kuanza, na kifo chake ndicho kilichomtia mwanawe katika kuwaza: mwili ukishazimika, roho inakwenda wapi? Kwa hiyo chini ya vyombo vya angani na bunduki na miji iliyobomoka, kuna mtoto anayemlilia mama yake. Ndiyo maana siwezi kuipuuza filamu hii kama wengine wanavyoipuuza. Msiba uliomo ndani yake ni wa kweli, na inaniuma kwamba haukutufikia.

Kuhusu picha nitasema kwa ufupi, maana hapo hakuna anayebisha. Filamu ina fremu 141,964, yaani picha moja moja zinazofuatana. Kila fremu, kwa wastani, ilichukua kompyuta dakika 90 kuichora ikamilike. Piga hesabu: kompyuta moja peke yake ingehitaji zaidi ya miaka 24 bila kupumzika. Wao walikuwa na mashine 960 zilizounganishwa pamoja. Miondoko ya miili ilinaswa kutoka kwa waigizaji halisi waliovaa vitambuzi, lakini nyuso zilihuishwa na wasanii wenyewe, hatua kwa hatua. Itazame mikono ya Daktari Sid anapoongea. Ngozi imelegea pale nyuma ya kiganja, ina madoa ya umri, na chini yake unahisi mifupa. Kuna mtu aliyekaa akaichunguza mikono ya mzee wa kweli kwa subira kubwa kabla ya kuichora ile. Roger Ebert, mhakiki wa Chicago, aliipa filamu nyota 3 na nusu kati ya 4 hasa kwa ajili ya ulimwengu huo uliojengwa, nami simlaumu hata kidogo.

Sasa hadithi. Mwaka ni 2065. Miaka mingi nyuma kimondo kilianguka duniani, na kutoka humo wakatokea viumbe wanaoitwa Phantom. Hawaonekani kwa macho matupu. Wanapita ukutani kama moshi, na wakimgusa mtu humchomoa roho: unaiona ikitoka, ya buluu, halafu mwili unaanguka mtupu. Binadamu waliosalia wanaishi ndani ya miji iliyofunikwa na ngao za nishati. Aki mwenyewe ameambukizwa. Ana Phantom ndani ya mwili wake, na kifaa alichofungiwa kifuani ndicho kinachomzuia asimmalize. Yeye na mwalimu wake Sid wanaamini kwamba Dunia ina roho yake, na kwamba wakikusanya roho 8 maalumu zilizotawanyika duniani, wataunda wimbi litakalowazima Phantom bila kuidhuru Dunia. Jenerali Hein haamini habari za roho. Anataka mzinga mkubwa ulioko angani, uitwao Zeus, upige pale kimondo kilipoangukia, basi yaishe.

Pamoja na hayo kuna ndoto. Kila Aki akilala anajikuta kwenye sayari ngeni, amesimama jangwani, na majeshi ya viumbe wa ajabu yanakuja mbio. Ndoto inarudi tena na tena, kila mara ikisonga mbele kidogo, mpaka tunaona majeshi yakichinjana na sayari yenyewe ikiangamia. Ndipo Aki anapong'amua. Kimondo kile ni kipande cha sayari ile. Phantom si wavamizi. Ni mizimu. Ni waliokufa katika vita vyao wenyewe, kwenye dunia yao wenyewe, wakasafirishwa na kipande cha mwamba hadi kwetu bila kukusudia, na mpaka leo hawajui kwamba wamekufa. Wanaendelea kupigana vita vilivyokwisha zamani.

Rudia kuisoma aya hiyo, kisha uniambie kama filamu hii haikuwa na hadithi. Adui anayeua watu kwa mamilioni kumbe ni maiti aliyepotea njia. Chuki tuliyomlimbikizia kwa saa nzima haina pa kwenda. Kumuua huwezi, maana ameshakufa, na ushindi pekee uliobaki ni kumwonyesha njia ya kupumzika. Katika bunilizi za kisayansi zote nilizowahi kuona au kusoma, mawazo ya uzito huo ni machache. Na wazo hili limetoka kwa mtu aliyekuwa akiuliza roho ya mama yake imekwenda wapi.

Kwa nini basi halikutugusa?

Nilifanya jaribio dogo. Niliitazama filamu yote bila sauti. Nilidhani kwa filamu yenye picha za namna ile nitaelewa mengi. Nilichoona ni watu wakisimama katika vyumba wakifungua na kufunga midomo. Sid anaelekeza kidole kwenye michoro ya mwanga. Baraza la viongozi limeketi, Aki anaongea, Hein anaongea, Sid anaongea. Watu wanakimbia, wanarudi, wanaongea tena. Sehemu pekee niliyoielewa kikamilifu bila neno lolote ni ndoto: jeshi, vita, moto, sayari iliyopasuka. Fedha zote zile zilitumika kujenga uwezo wa kuonyesha chochote kile ambacho binadamu anaweza kukiwaza, kisha hadithi ikaachiwa masikio.

Mfano ulio mbaya zaidi, ambao hadi leo unaniudhi, ni wa mtoto wa hospitalini. Katika mazungumzo na Gray, askari anayempenda, Aki anasimulia jinsi roho mojawapo ilivyopatikana. Ilikuwa ndani ya mtoto wa kike wa miaka 7 aliyekuwa akifa. Aki alijaribu kumtuliza, na mtoto akamwambia hakuna haja ya kumtungia hadithi za kumfariji, yeye yuko tayari kufa.

Hebu fikiria tukio hilo. Mwanamke ambaye mwenyewe ana mauti kifuani, amekaa kando ya kitanda cha mtoto, anahitaji kitu kutoka kwake, na mtoto huyo ana ujasiri kuliko yeye. Humo mna dhamira yote ya filamu, ya kwamba kufa si kuangamia, ikitoka katika kinywa cha asiyejua falsafa yoyote. Nao hawakutuonyesha. Hatumwoni mtoto, hatuoni kitanda. Tunamwona Aki akisimulia, Gray akisikiliza, kisha mazungumzo yanaendelea. Wasanii walioweza kuifanya mikono ya mzee ionekane imeishi miaka 70 hawakupewa nafasi ya kutuchorea uso wa mtoto wa miaka 7 anayemwambia mtu mzima asimdanganye. Filamu ina dakika 106. Mtoto yule alihitaji 4.

Waliosoma fasihi watasema hii ni habari ya fani na maudhui, na kwamba mbinu rejeshi ingetosha: mrudishe mtazamaji nyuma, umwonyeshe hospitali. Ni kweli, lakini tatizo lina mizizi mirefu zaidi. Filamu inaanza wakati roho zaidi ya nusu zimeshapatikana. Ile ya jijini New York, mche mdogo uliochipua katikati ya magofu, inapatikana dakika za mwanzo. Nyingine inafuatwa jangwani Tucson, kwenye uwanja wa vita wa zamani uliojaa maiti za askari. Kwa hiyo safari ambayo ingetufundisha kumpenda Aki, kuijua Dunia anayotaka kuiokoa, kuona roho zinakaa wapi na kwa nini huko, imeshafanyika kabla hatujaketi. Sisi tumekuja kuhesabu tu zilizobaki.

Hapo ndipo naona alama ya mtu aliyekulia kwenye gemu. Kukusanya vitu 8 ni muundo wa gemu, nao kwenye gemu hufanya kazi vizuri mno, kwa sababu anayekusanya ni wewe. Umepotea wewe, umeshindwa usiku kucha wewe, umerudi wewe. Namba 8 hapo ina jasho lako. Sakaguchi alilijua hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 1997 Square ilitoa Final Fantasy VII, naye akiwa mtayarishaji wake, na humo mna wazo lilelile la Dunia yenye roho moja inayopokea roho za waliokufa. Wahusika wake walikuwa na mikono kama matofali, nyuso bila mdomo unaoeleweka. Hata hivyo msichana Aerith alipouawa, wachezaji duniani kote walilia, na mpaka leo wanamzungumzia kama mtu waliyemjua. Walikuwa wametembea naye saa nyingi, wamemponya majeraha, wamemchagulia silaha. Uchungu wao ulitokana na ukaribu huo. Picha zilichangia kidogo sana.

Filamu ilichukua mifupa ya gemu ikaacha mikono ya mchezaji. Nafasi iliyoachwa wazi na mikono hiyo ilipaswa kujazwa na kitu kingine: kutazama kwa muda mrefu, kukaa na mtu, kumwona akikosea. Badala yake ilijazwa na maelezo. Kila tunapofika mahali ambapo gemu ingesema "haya, nenda", filamu inasema "sikiliza".

Askari wa kikosi cha Gray ni ushahidi mwingine. Ryan, Neil na Jane wamechorwa vizuri kuliko wahusika wengi wa animesheni wa zama zile. Neil ni mtu wa utani, Jane ni mkakamavu, Ryan ni mtulivu. Baada ya hapo hakuna la kuongeza. Ngao ya New York inapoanguka, wote watatu wanakufa katika muda mfupi, mmoja baada ya mwingine. Picha zinatisha kwelikweli, roho za buluu zinachomolewa mbele yetu, Gray anakunja uso. Mimi nilijikuta nikitazama mwanga. Nilikuwa nikisifu jinsi mwanga wa moto unavyogonga chuma cha mavazi yao, wakati watu watatu wanakufa. Mtazamaji akifika hapo, filamu imeshampoteza, na kosa si lake.

Wapo wanaoeleza kushindwa huku kwa njia nyingine kabisa. Wanasema tatizo ni nyuso. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti Masahiro Mori aliandika juu ya bonde ambalo kitu hutumbukia kinapokaribia kufanana na binadamu bila kufika: tunakipenda kadiri kinavyotufanana, halafu ghafla kinatutia kinyaa, kama maiti inayotembea. Wanasema Aki na Gray wametumbukia humo. Macho yao hayatui mahali, midomo haiendani na pumzi, na busu lao ni baridi.

Nakubali nusu. Macho ya Gray yana utupu fulani, hilo siwezi kulikana. Lakini kama nyuso ndizo chanzo, ingekuwaje Sid atufikie? Yeye naye ni wa kompyuta. Anatufikia kwa sababu ana jambo la kuficha: anajua kwamba mawazo yake ya roho ya Dunia yanaweza kumponza, anamfundisha Aki kunyamaza, na kila anaposikiliza watu wakiongea unamwona akipima aseme nini na ameze nini. Mhusika akiwa na kitu anachokizuia, uso wake unapata uhai hata kama umetengenezwa na mashine. Gray hana anachokizuia. Anampenda Aki, anasema anampenda Aki. Basi. Hata mwigizaji wa nyama na damu angekuwa na macho matupu kwa mistari ile.

Hesabu ya mwisho ilikuwa chungu. Mapato ya kumbi za sinema duniani kote yalikuwa kama dola milioni 85, na kumbi huchukua fungu lao kubwa humo, kwa hiyo pengo halisi lilikuwa kubwa kuliko tofauti ya namba mbili hizo. Mpango ulikuwa Aki awe mwigizaji wa kidijitali, aonekane katika filamu nyingine akicheza watu wengine, kama stelingi yeyote anayekodiwa. Mpango ukafa hapohapo. Square Pictures ilifanya kazi moja nyingine fupi ya kupendeza, sehemu ya The Animatrix, mkusanyiko wa animesheni fupi za ulimwengu wa filamu The Matrix, kisha ikafungwa mwanzoni mwa 2002. Square ikaungana na Enix, kampuni nyingine ya gemu, Aprili 2003. Sakaguchi akaondoka katika kampuni aliyokuwa ameijengea jina, akaenda kuanzisha yake.

Mwaka huohuo wa 2001, miezi miwili hivi kabla, ilikuwa imetoka Shrek, animesheni ya kuchekesha juu ya zimwi, kwa dola milioni 60 hivi. Ngozi ya zimwi lile la kijani ni rahisi, na watu wake wa pembeni wanafanana na vikaragosi vya plastiki. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 480 na kupata Oscar ya kwanza kabisa ya filamu ndefu ya animesheni. Huwa sipendi watu wanapoitumia Shrek kama fimbo ya kuipigia Final Fantasy, kana kwamba somo ni kuchekesha watoto. Lakini kuna jambo moja la kiufundi la kuangalia: katika Shrek, jambo ambalo mhusika mkuu anaogopa, yaani kuonekana na watu, tunaliona akilifanyia kazi katika kila tukio. Anajenga uzio, anabandika mabango, anafukuza wageni. Hakuna anayesimama chumbani kutueleza.

Watu huniuliza, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ni rahisi kusema ukiwa umekaa miaka mingi baadaye bila deni la dola milioni 137. Hata hivyo nitasema, kwa sababu naamini dawa ilikuwa ndani ya muswada uleule, haikuhitaji kuagizwa nje.

Kwanza ningeiachia ndoto ibebe filamu. Kwa sasa ndoto ni fumbo la kando ambalo jibu lake linatangazwa katika mazungumzo, na likishatangazwa kila mtu anarudi kwenye hesabu ya roho kana kwamba hakikubadilika kitu. Lakini kimebadilika kila kitu. Baada ya kujua kwamba Phantom ni wafu waliopotea, tukio lolote la kuwapiga risasi linapaswa kuonekana tofauti. Anayechora aweze kutuonyesha Phantom yuleyule tuliyemwona New York mwanzoni, mwenye mikono ya kutisha, na safari hii tutambue kwamba anatafuta nyumbani. Taharuki ya filamu ingegeuka kutoka "wataponaje" kuwa "watawapumzishaje hawa". Ndoto inagusia hivyo, na hapo ndipo muziki wa Goldenthal unapopanda, lakini mara moja tunaondolewa.

Pili, ningewaleta waliofiwa mbele. Filamu hii imejaa wafiwa, na hawakutani. Aki anaomboleza maisha yake mwenyewe akiwa bado hai. Dunia inaomboleza watu wake. Phantom ni taifa zima la wafiwa ambao wenyewe ndio marehemu. Na yuko mmoja ambaye kwa maoni yangu ndiye moyo wa hadithi, naye amepewa kazi ya kuwa mbaya wa filamu tu.

Ni Jenerali Hein. Katika sentensi kama mbili tunaambiwa kwamba mkewe na binti yake waliuawa na Phantom mji wa San Francisco uliposhambuliwa. Tunaambiwa, kama kawaida. Halafu anatembea na koti lake jeusi refu, anakunja nyusi, anatoa amri za kikatili. Anapoona Baraza halitaki kumruhusu aufyatue mzinga, anadhoofisha kwa siri sehemu ya ngao ya New York ili Phantom wachache wapenye na viongozi waogope. Wanapenya wengi. Mji unakufa.

Mwangalie mtu huyu kwa makini. Watu wake walikwisha zamani. Vita anavyopigana havina tena cha kuokoa. Haoni mtu aliyeko mbele yake, anaona tu waliokwenda. Anapita katika miji ya wengine na anapopita watu wanaanguka. Ni kile kile ambacho Aki amekiona kwenye ndoto. Hein ni Phantom aliye hai. Muswada uliweka vyote viwili mezani, jenerali aliyekataa kukubali kwamba wake wamekufa na jeshi la wafu lililokataa kukubali kwamba limekufa, na katika dakika 106 hakuna aliyeviweka kando kwa kando. Kama Aki angemtazama Hein mara moja, mara moja tu, kwa macho yaleyale aliyowatazama viumbe wa ndotoni, sina shaka tungezungumza juu ya filamu nyingine leo.

Ninachosikitikia zaidi ni kwamba waliouchora uso wa Hein walilijua hilo. Lipo tukio moja, fupi, baada ya New York kuanguka. Hein amefika mahali salama, yuko peke yake. Hakuna wa kumweleza jambo wala yeye hana wa kumweleza. Anaishika bastola na kuielekeza kichwani mwake, na kwa sekunde chache uso ule wa kompyuta, uleule unaosemwa hauna uhai, una kila kitu: mke, binti, San Francisco, na mji mzima aliouua kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna neno linalosemwa. Ukiitazama bila sauti, hupotezi chochote.

Kisha unaingia ujumbe kwamba Baraza limekubali, Zeus anaweza kufyatuliwa. Bastola inashuka. Hein ananyooka, anauvaa tena uso wa jenerali, na kuanzia hapo filamu haimrudii tena mtu yule tuliyekuwa naye nusu dakika iliyopita.